Shajara ya mradi: maziwa ya Rungwe, toleo la 0.1 hadi 0.9

Wiki ya 1, Jumanne

Tumepata kazi. Ni chama cha ushirika cha wafugaji wilayani Rungwe: wanachama 380 na ushei, kituo kimoja cha kukusanyia maziwa chenye tanki la kupozea, karani mmoja, mweka hazina mmoja, na daftari kubwa la jalada jekundu ambalo mweka hazina analiita "benki". Wanataka mfugaji akileta maziwa apimiwe, aandikwe kwenye simu ya karani, apate meseji ya kuthibitisha, na mwisho wa mwezi hesabu itoke bila watu kukesha na kikokotoo. Tuko wawili. Mwenzangu anashika programu ya simu, mimi nashika seva, yaani kompyuta inayopokea rekodi, na hifadhidata. Sote tunakaa Mbeya mjini, kwa hiyo kila safari ya kituoni ni coaster na mvua.

Mkataba umegawanywa awamu nne: mahitaji, usanifu, utengenezaji, makabidhiano. Nilijaribu kumweleza mwenyekiti kwamba programu haijengwi kama choo cha shule, kwamba huchimbi msingi ukapandisha ukuta ukaezeka bati na kukabidhi funguo. Kinachekesha ni kwamba Winston Royce, mhandisi wa Kimarekani ambaye mchoro wake wa mwaka 1970 ndio watu huutaja kama asili ya mtindo huu wa awamu, aliandika mwenyewe hapo hapo kwamba kuufuata hivyo bila kurudi nyuma ni hatari. Watu walichukua mchoro, maneno wakayaacha.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema: "Kijana wangu, mkaguzi wa ushirika akija anataka kuona awamu."

Nikabadili mbinu. Nikamsimulia M-Pesa. Majaribio ya Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kulipia mikopo midogo kwa simu. Waliopewa wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa. Hilo lilimwingia. Awamu zimebaki kwenye karatasi, na ndani ya awamu ya tatu tumejikatia mizunguko ya wiki mbili mbili. Kila mzunguko lazima karani aachiwe kitu anachoweza kukishika.

Sharti moja tumeliweka sisi: daftari jekundu halifungwi mpaka mradi uishe. Kila tone linaandikwa mara mbili.

Wiki ya 1, Ijumaa

Tumekaa kuandika orodha ya hatari. Mwenzangu anapenda kuiita orodha ya ndoto mbaya. Kwa mpangilio wa woga wetu: umeme kukatika, mtandao kukatika, simu ya karani kuibwa, malipo ya kutuma kwa simu kwenda kwa mtu siye, na mimi kuugua wakati nywila za seva ziko kichwani mwangu peke yangu. Hii ya mwisho tumeitibu leo leo. Nywila zimeandikwa kwenye karatasi, karatasi kwenye bahasha, bahasha kwa mama mkwe wake mwenzangu, mwanamke ambaye hata rais akimwomba hafungui kitu cha watu.

Wiki ya 2, Jumatano

Toleo la 0.1 liko kwenye simu ya karani. Halina nywila, halina meseji, halina hata rangi. Ukurasa mmoja: tafuta jina, andika lita, bonyeza Hifadhi.

Lilidumu dakika kumi na tano. Tulijivunia kisanduku cha kutafutia: ukiandika herufi tatu za mwanzo za jina la ukoo, majina yanajitokeza. Tulikijaribia Mbeya kwa majina tuliyoyatunga. Karani akaandika "mwa", na orodha ikamletea karibu chama kizima. Tuko Unyakyusani, ambako koo nyingi huanza na Mwa! Mwenzangu mwenyewe ukoo wake unaanza na Mwa, na hakuliwaza.

Karani, dada mmoja mcheshi aliyemfunga mtoto mgongoni, alicheka hadi mtoto akaamka. "Kaka, hapa hatutafutani kwa majina. Huyu ni 114. Yule wa kofia ni 207." Namba za uanachama zilikuwepo kwenye daftari siku zote, safu ya kwanza kushoto. Tulizipiga picha, tukazinakili kwenye jedwali, na hatukuuliza zinatumika wapi.

Toleo la 0.2 limetoka jioni ile ile: kisanduku cha namba, kibodi ya tarakimu.

Wiki ya 3

Shwari. Tumeongeza saa ya kupokea maziwa, kwa sababu mtandao ukikosekana karani anaandika kwanza kwenye karatasi kisha anajaza simu baadaye, nasi tunataka kujua maziwa yalifika lini hasa. Hakuna cha kusimulia.

(Nimeiacha aya hii ilivyo. Nikiisoma leo, wiki moja baadaye, naona aibu.)

Wiki ya 4, tarehe 1 na tarehe 2

Mwezi umefunga jana. Mweka hazina kapiga simu saa tatu asubuhi: jumla ya mwezi ulioisha, aliyoichapa jana jioni, leo imeongezeka. Ameichapa tena. Imeongezeka zaidi. "Mwanangu, mwezi uliokufa unanyonya maziwa."

Nikafikiri mtu anabadilisha rekodi za nyuma. Nikapitia kumbukumbu za seva: hakuna aliyegusa kitu. Rekodi zilikuwa mpya, zimeingizwa asubuhi hii hii ya tarehe 1, na seva imezibandika tarehe 31.

Ilituchukua siku nzima na nusu ya pili. Naiandika kwa kituo maana ni makosa mawili yaliyokuwa yamelaliana.

La kwanza ni la kwangu. Seva inatunza saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, na ripoti niliyoiandika inakata siku kwa tarehe ya Greenwich, si ya Dar es Salaam. Kosa hili lingeweza kulala miaka. Maziwa ya asubuhi huja kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Toa saa tatu, bado uko tarehe ile ile. Mchana vilevile, jioni vilevile. Ni kinachoingia kati ya saa sita na saa tisa usiku tu ndicho kingerudi siku moja nyuma, na nani analeta maziwa saa nane usiku?

La pili ni la sote. Kile kisanduku cha saa. Maziwa ya 114 yalifika saa moja na dakika ishirini asubuhi, karani akaandika 1:20. Angeandika nini kingine? Ndiyo saa yenyewe. Simu ikasoma 1:20, saa saba usiku. Seva ikatoa saa tatu, ikapata saa nne na dakika ishirini usiku wa jana yake. Kwa wiki nzima maziwa ya saa moja asubuhi yalikuwa yakirudi nyuma siku moja na hakuna aliyeona, kwa sababu jumla ya mwezi haibadiliki ukisogeza kila kitu siku moja. Mpaka siku ya kwanza ya mwezi, ambapo jana yake ni mwezi mwingine.

Na maziwa ya jioni? Ya saa kumi na moja yameandikwa 11:00, na kwa seva hiyo ni karibu na adhuhuri. Kwa macho ya programu yetu, wafugaji wa Rungwe hawajakamua jioni hata siku moja tangu tuwafahamu.

Kilichonikera ni kwamba mimi nimezaliwa ndani ya saa hii. Mama yangu hajawahi kuniambia "njoo saa kumi na tisa". Ila nikikaa mbele ya kompyuta nageuka mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye aliyechora kisanduku.

Tiba: kisanduku cha saa kimeondolewa. Pana vitufe viwili vikubwa, ASUBUHI na JIONI, na simu inagonga muhuri wa saa yenyewe kimyakimya. Tarehe ya rekodi sasa inatunzwa kama tarehe ya hapa, safu yake peke yake, haihesabiwi kutoka kwenye saa ya seva. Rekodi za zamani nimezirekebisha moja moja nikilinganisha na daftari jekundu, maana nisingeweza kujua kwa uhakika ipi iliandikwa kwa saa ipi. Bila lile daftari tungefuta wiki nzima.

Mwenzangu kauliza swali la maana: simu ikizima chaji kabisa na kuamka na tarehe ya mwaka 1970, ambako saa za simu nyingi huanzia kuhesabu, je? Tumeongeza kizuizi. Saa ya simu ikiwa nyuma ya rekodi ya mwisho iliyopokelewa na seva, programu inakataa kuandika na kumwomba karani arekebishe saa.

Wiki ya 5

Mvua imepiga siku nne. Anayeijua Tukuyu, mji wa hapa Rungwe, anajua namaanisha nini. Mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa.

Mwanachama 207, yule wa kofia, ana ng'ombe mmoja. Kwa mujibu wa seva yetu, Jumanne asubuhi kaleta lita 42. Alileta 7. Simu ilituma rekodi, seva ikaipokea na kuihifadhi, lakini jibu la "nimepokea" likapotelea njiani. Simu, kwa uaminifu wake wote, ikatuma tena na tena. Jumla mara sita.

Marekebisho ya kwanza niliyaandika kwa haraka usiku: mwanachama yule yule, lita zile zile, zamu ile ile, kataa. Nikayapandisha kwenye seva bila kumwamsha mwenzangu. Kesho yake saa moja na nusu simu ya karani: "Kaka, mama 88 kaleta ndoo mbili, kila moja lita kumi, na programu yako inamwita mwongo." Ndoo ya pili ilikataliwa. Nilikuwa nimetibu rekodi pacha kwa kuwanyima watu maziwa yao halisi, na hilo ni baya zaidi, maana lita za ziada zinamuumiza mweka hazina mwenye daftari lake la kujitetea, ila lita zilizonyimwa zinamuumiza mama aliyesimama kwenye foleni ya mvua mbele ya majirani.

Nikarudisha toleo la nyuma mara moja, maziwa yajirudufu kwanza tutajua. Halafu tukaketi wawili na chai. Sasa simu inaipa kila rekodi alama yake ya kipekee pale karani anapobonyeza Hifadhi, kabla haijaenda popote. Itume mara sita, itume mara sitini, alama ni ile ile. Seva ikiona alama inayoijua inajibu "ninayo" na kuendelea na mambo yake. Ndoo mbili za lita kumi zina alama mbili. Kitufe cha Hifadhi kikibonyezwa kinafifia, maana tulimkuta karani ana tabia ya kubonyeza mara mbili kama mtu anayebisha hodi.

Mwenzangu kashinda nusu siku akizima na kuwasha data katikati ya kutuma. Mara hamsini. Hakuna pacha hata mmoja.

Kanuni mpya ukutani kwetu, imeandikwa kwa kalamu ya mwenzangu na kwa hasira yake: HAKUNA KUPANDISHA TOLEO USIKU PEKE YAKO.

Wiki ya 6

Meseji. Katibu wa chama katuandikia maneno yake kwenye kompyuta ya ofisi, tukayachukua yalivyo, maana ni Kiswahili kizuri kuliko chetu:

"Ndugu mwanachama, maziwa ya ng’ombe wako ya leo asubuhi: lita 8.5. Jumla ya mwezi huu: lita 142.0. Ukiona kosa mwone karani kabla ya kesho jioni."

Herufi 145 ukihesabu na nafasi. Meseji moja inabeba 160. Tukafanya hesabu ya gharama ya mwezi, mwenyekiti akasaini, tukawasha.

Siku ya tatu salio tulilonunua la mwezi lilikuwa limeshaliwa karibu theluthi. Msambazaji wa meseji alikuwa anatukata tatu kwa kila moja. Nilimpigia kwa ukali, na nikamwomba radhi saa moja baadaye.

Tatizo liko ndani ya ng’ombe. Ukiandika kwa programu ya ofisini, ule ukato wa ng' haubaki mkia wima. Programu inaupinda uwe wa kupendeza. Alfabeti ya kawaida ya meseji za simu ina ukato wima, uliopinda haina. Na ikikutana na herufi moja tu isiyoijua, meseji nzima inahamishiwa kwenye mfumo mwingine wa herufi ambao unabeba 70 badala ya 160, na ikigawanywa kila kipande kinabaki na 67. Gawanya 145 kwa 67. Vipande vitatu.

Ng'ombe mmoja, ukato mmoja, gharama mara tatu. Kwenye orodha ya hatari tulikuwa tumeandika wezi.

Programu sasa inanyoosha ukato wowote kabla ya kutuma, na inahesabu vipande. Vikizidi kimoja haitumi, inatupigia kelele sisi kwanza. Katibu alipoelezwa alisikitika kana kwamba tumemkosoa Kiswahili chake. Nilimwambia kosa si la lugha. Hakuridhika sana.

Wiki ya 7, Jumatatu

Chama kimenunua mizani ya kidijitali. Hakikutuambia. Tumekuja kituoni tumeikuta inang'aa juu ya meza, karani anaifurahia: zamani alikuwa anainama kusoma mistari ya lita kwenye ndoo ya kipimo, sasa anaweka ndoo juu, anasoma tarakimu, anaandika. Tukaifurahia pamoja naye, tukala magimbi, tukaondoka. Watu wawili wanaojiita wataalamu.

Wiki ya 8, Alhamisi

Gari la kiwanda limepima tanki kwa kijiti chake na kusema lita 2,000. Programu inasema 2,060. Jana yake tofauti ilikuwa hivyo hivyo, kiasi kama hicho. Mweka hazina hakulaumu mtu. Alivua miwani, akaifuta, akasema lita sitini kwa siku hazimwagiki chini bila mbwa kunenepa.

Nilianza kushuku pacha wamerudi. Nikashuku makadirio ya desimali, maana kompyuta ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida inakupa 0.30000000000000004, na hilo nililijua ila nilikuwa nimeahirisha kulishughulikia. (Nimelishughulikia sasa: ujazo unatunzwa kwa mililita, pesa kwa shilingi nzima, hakuna nukta inayoingia kwenye hifadhidata.) Lakini makombo ya namna hiyo hayajazi lita sitini.

Ni karani aliyelitoa, bila kukusudia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akaweka ndoo, akabonyeza kitufe cha kuondoa uzito wa ndoo, akamimina, akasoma: "Ishirini nukta sita." Akaandika 20.6. Kwenye kioo cha mizani, pembeni ya tarakimu, kwa herufi ndogo kama chungu: kg.

Maziwa ni mazito kuliko maji. Lita moja ni kama kilo 1.03. Lita 20 za maziwa zina kilo 20.6, na sisi tulikuwa tunazilipa kama lita 20.6. Kwa bei ya shilingi 900 kwa lita, lita sitini ambazo hazipo ni shilingi 54,000 kila siku. Ukiacha mwezi uishe, 1,620,000. Chama hiki kingefilisika polepole kwa asilimia tatu, kila mtu akiwa mkweli.

Mwenzangu akanikumbusha Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999 kilipofika Mirihi: programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa ratili, nyingine ikazipokea kana kwamba ni newtoni, kipimo kingine kabisa. Alikisimulia kwa mweka hazina. Mzee akauliza kama nao walikuwa na daftari.

Sasa, unadhani tiba ni kugawanya kwa 1.03 na kwenda nyumbani. Hapo ndipo niligundua kwamba sijui maziwa. Kipimo kile hakikai pahala pamoja. Maziwa safi hucheza kati ya 1.026 na 1.032 hivi, joto likibadilika nacho kinabadilika, na yakitiwa maji kinashuka kuelekea 1. Ndiyo maana karani ana laktomita, kile kichupa kinachoelea: anasoma 28 au 30, yaani 1.028 au 1.030, na akiona chini sana anamtazama mwenye ndoo kwa jicho fulani. Kumbe kipimo tulichokitafuta kilikuwa kinasomwa kila asubuhi na hakiandikwi popote.

Tulipeleka njia mbili mbele ya kamati. Moja, kugawanya kwa namba moja ya kudumu, rahisi kumweleza mfugaji. Mbili, kugawanya kwa usomaji wa laktomita wa ndoo ile ile, sahihi zaidi lakini inamwongezea karani kazi na kuongeza sababu za kubishana. Mimi nilitaka ya pili. Kamati ilichagua ya kwanza kwa dakika mbili. Mzee mmoja alisema mfugaji anavumilia hesabu yenye kosa dogo anayoielewa, na ile sahihi asiyoielewa ataiita wizi. Nimekaa nalo siku tatu. Nadhani yuko sahihi, na nadhani sikufundishwa hivyo chuoni.

Toleo la 0.6: karani anaandika kilo, neno KILO limeandikwa kubwa pembeni ya kisanduku, programu inaonyesha lita chini yake, na meseji inataja zote mbili. Na utaratibu mpya: kila jioni lita za programu zinalinganishwa na kijiti cha tanki. Tofauti ikizidi lita kumi, simu zetu zote zinalia.

Wiki ya 9

Fupi, maana nimechoka. Nilijaribu kurudisha nakala rudufu ya hifadhidata kwenye mashine nyingine, kuona tu. Faili za siku tisa zilizopita zina ukubwa wa sifuri. Diski ilijaa, amri ya kunakili ikaendelea kuandika majina ya faili bila kilichomo, na kila asubuhi ikaniletea barua pepe ya kunipongeza. Sasa mashine nyingine inairudisha nakala kila Jumapili na kuhesabu rekodi zake.

Pia tumefuta orodha ya wanachama iliyokuwa kwenye laptopu zetu kwa majaribio. Majina na namba za simu za watu 380, kwenye laptopu inayopanda daladala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilishaanza kazi, ila hata isingekuwepo, ni mambo ya watu. Tunajaribia majina ya kubuni, safari hii yote yanaanza na Mwa.

Wiki ya 10, Jumatano

Mwenyekiti anataka mikopo ya pumba na mashudu ikatwe humo humo. Katibu anataka siku za chanjo. Mtu mmoja kwenye kamati anataka picha ya kila ng'ombe. Simlaumu yeyote, kitu kikianza kufanya kazi, macho ya watu hufunguka. Lakini tumebakiza wiki tatu, na jambo lenye hatari kubwa kuliko yote, kulipa watu pesa kwa simu, hatujaligusa. Tulilisukuma mbele kwa kuwa lilitutisha, na hapo tulikosea mpangilio: tungeanza nalo wiki ya 2, kwa shilingi mia moja kwenda kwenye simu zetu wenyewe.

Tumefanya jaribio hilo leo. Kwenye mazingira ya majaribio ya mtoa huduma kila kitu kilipita. Kwenye mazingira halisi, malipo moja kati ya kumi yalikaa "yanashughulikiwa" kwa dakika arobaini, kisha yakafika. Je, programu ikisubiri dakika tano na kuamua yameshindikana, ikatuma tena? Mfugaji kalipwa mara mbili. Ni ugonjwa wa wiki ya 5, wenye bei kubwa zaidi. Tunatumia dawa ile ile ya alama ya kipekee, na tumeongeza kwamba malipo yenye jibu la kati hayarudiwi na mashine hata siku moja. Yanasubiri mtu wa kuyaangalia. Pumba na mashudu zimeingia kwenye mzunguko ujao. Picha za ng'ombe nimeziandika kwenye karatasi na kuikunja vizuri sana.

Wiki ya 12, Ijumaa

Toleo la 0.9. Mwezi umefungwa jana usiku na leo haujanyonya. Wanachama kumi na wawili waliojitolea wamelipwa kwa simu. Wengine wote dirishani, kwa noti, kama kawaida. Malipo mawili yalikwama kati, mweka hazina akayasubiri akiwa amekunja mikono, yakafika moja baada ya jingine.

Tumeketi naye meza moja, yeye na daftari jekundu, mimi na ripoti. Namba kwa namba, kuanzia 1. Ilichukua saa nne. Tofauti ya mwezi mzima ni lita tano na nusu. Mbili ni zetu: siku ile simu ilipobadilishwa betri, rekodi moja haikutumwa na ilikuwa bado imekaa humo inasubiri. Mbili ni zake: aliruka mstari, akalikubali hilo baada ya kulitazama muda mrefu na kusema kwamba taa ilikuwa imekatika.

Lita moja na nusu hatujaiona. Ni ya jioni, tarehe 17, mwanachama 302. Daftari linasema ipo, simu inasema haipo, na karani anakumbuka mvua tu. Mweka hazina ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Jumatatu napanda coaster ya saa kumi na moja alfajiri. Nitamkuta 302 kwenye foleni nimuulize mwenyewe.